Kamera Yako, Ufunguo Wao

Kwa zaidi ya miaka kumi, kamera nyingi za picha mnato zinazorekodi na video zilikuwa na tabia moja: rekodi ikifika dakika 29 na sekunde 59, inakatika. Kadi ina nafasi, betri imejaa, lenzi inaona vizuri, lakini kamera imemaliza. Kama umewahi kurekodi harusi, kongamano au mahubiri, unajua ninachosema. Mpiga video anakimbilia kubonyeza tena, na kati ya kukatika na kubonyeza, shekhe amekwisha kumuuliza bwana harusi na bwana harusi amekwisha kujibu.

Wengi tuliambiwa ni joto. Zipo kamera zinazojizima kwa joto kweli, hizo naziacha leo. Dakika 29 na sekunde 59 ni habari ya ushuru wa forodha. Umoja wa Ulaya uliihesabu kamera inayoweza kurekodi dakika 30 au zaidi mfululizo kuwa kamera ya video, na kamera ya video ilitozwa ushuru ambao kamera ya picha haikutozwa. Watengenezaji wakapata njia ya mkato: wakaandika ndani ya kamera amri ya kusimama sekunde moja kabla. Panasonic, kwenye GH4 yake ya mwaka 2014, ilizifunga kamera za soko la Ulaya na kuziacha za kwingine ziendelee. Kampuni nyingi hazikujisumbua hivyo, zikafunga dunia nzima. Basi mpiga video wa Tanga, wa Kisumu na wa Bujumbura, hata kama kamera yake ilitoka Japani ikapitia Dubai na kushukia Kariakoo, alikuwa akitii sheria ya forodha ya Ulaya kila Jumamosi ya harusi, bila kujua.

Desemba 2015 mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani walikutana Nairobi. Huko ndiko yalikokamilishwa makubaliano ya kuondoa ushuru kwenye bidhaa 201 za teknolojia, kamera za video zikiwamo. Yaani kisingizio cha kufuli lile kilianza kufa hapa hapa kwetu, mwendo wa basi kutoka Arusha. Miaka iliyofuata kamera mpya zikaanza kutoka bila kikomo hicho. Sony a6400 ya mwaka 2019 ni mfano. Na zile zilizokwisha kuuzwa? Kufuli lilikuwa maandishi tu, na maandishi yanafutika. Lakini kamera nyingi za zamani zilibaki nalo, na ndizo tunazonunua sisi, maana sisi ni watu wa mtumba.

Ugomvi wangu unaanzia hapo. Kamera haikushindwa kurekodi dakika 40. Ilikatazwa. Aliyeikataza hakuwa mimi niliyelipa, wala serikali yangu, wala duka lililoniuzia. Na katazo lenyewe limewekwa mahali ambapo mwenye kamera haoni.

Mahali hapo panaitwa programu dhibiti. Mafundi wanasema famuwea. Kamera ya kidijitali ni kompyuta iliyofungwa lenzi, na programu dhibiti ndiyo inayoamua fokasi ikimbie vipi, betri isomwe vipi, menyu iseme lugha gani, rekodi ikatike lini. Imehifadhiwa kwenye chipu ndani ya mwili wa kamera. Haifutiki ukizima, lakini inaweza kufutwa na kuandikwa upya kwa makusudi. Fundi simu akikwambia “niachie, nitaiflashi”, anazungumzia kazi ya ukoo huo huo.

Kwenye kamera kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na memori kadi. Nataka nieleze utaratibu wake wote, kwa sababu nimechoka kuona watu wazima, wengine wana shahada mbili, wakiuogopa kama upasuaji, na kwa sababu mjini kuna mafundi wanaotoza hela ya kula wiki nzima kwa jambo hili.

Kwanza unaingia kwenye menyu ya kamera na kutazama namba ya toleo lililomo, tuseme 1.0.2. Kisha unakwenda kwenye ukurasa wa msaada wa mtengenezaji na kutafuta modeli yako hasa. Ndugu yake haisaidii. Mark II si Mark III. Ukikuta toleo jipya, soma maelezo yake kabla ya kupakua. Huko ndiko wanakokiri makosa yao kwa lugha ya adabu: “imerekebishwa hali ambapo, katika mazingira fulani, kamera huacha kufanya kazi”. Mazingira fulani hayo ndiyo yaliyokukuta wewe kwenye mahafali ya dada yako.

Faili lenyewe si kubwa, mara nyingi ni makumi ya megabaiti, chini ya video moja ya kuchekesha mnayotumiana. La Canon huishia na herufi FIR, la Nikon BIN, la Fujifilm DAT. Likija limefungwa kwenye zipu, lifungue kwanza. Chukua memori kadi, ifomati ndani ya kamera yenyewe (hamisha picha zako kabla, tafadhali), halafu nakili faili lile kwenye kadi, juu kabisa, nje ya folda zote. Ukilitumbukiza ndani ya folda ya DCIM zinamokaa picha, kamera italitafuta isilione, nawe utadhani faili ni bovu. Usilibadilishe jina. Ukilipakua mara mbili, kivinjari cha simu kitaliongezea namba kwenye mabano mwishoni, na kamera inayosubiri jina moja kamili haitalitambua. Kompyuta si lazima. Simu ya Android na kisomea kadi kidogo vinaweza kutosha.

Rudisha kadi, weka betri iliyojaa, ingia tena pale penye namba ya toleo, thibitisha. Mstari utatembea kwenye kioo. Kwa dakika hizo chache usizime, usifungue mlango wa kadi, usiondoe lenzi. Sababu ni nyepesi: ya zamani inafutwa ili mpya iandikwe, na umeme ukikatika katikati, kamera inaweza kubaki haina ya zamani wala mpya. Ndiyo maana kamera nyingi hukataa hata kuanza kama betri iko chini. Na hapo kamera inatushinda sisi wenye madishi na kompyuta za mezani, maana inakunywa umeme wa betri yake yenyewe. Mgawo wa umeme hauihusu.

Basi. Dakika kumi, na nusu yake ni kusubiri.

Sasa niambie kwa nini kwenye idara nyingi za vyuo vyetu kamera zinalala kabatini na programu ya siku zilipotoka kiwandani. Mwenye ufunguo wa kabati ana jibu, tena analitoa kwa sauti ya mtu aliyeiokoa serikali hasara: “Kama haijaharibika, msiiguse.” Nimelisikia jibu hilo vyuo viwili tofauti, kutoka kwa watu wema kabisa, na bado nasema ni jibu la uvivu. Linachukulia kwamba kamera ilizaliwa ikiwa kamili. Hakuna kamera iliyozaliwa hivyo.

Chukua Canon EOS 5D Mark II. Ilitoka mwaka 2008, na wengi waliojifunza kutengeneza filamu kwa bajeti ndogo wanaiheshimu mpaka leo. Ilipotoka, video yake ilikuwa fremu 30 kwa sekunde tu, na mpiga video hakuachiwa kujichagulia kasi ya shata na uwazi wa lenzi. Kamera iliamua yenyewe. Kwa nchi za umeme wa hezi 50, Tanzania na Kenya zikiwamo, huo ulikuwa mtihani, maana chini ya taa za mirija picha ya fremu 30 ni rahisi kupepesa. Juni 2009 Canon ikatoa faili lililompa mtu mamlaka hayo. Machi 2010 ikatoa jingine lililoongeza fremu 24 na 25. Kamera ile ile, kioo kile kile, chipu ile ile. Aliyefuata shauri la “msiiguse” aliendelea kupepesa.

Au Fujifilm. X100 yao ilitoka 2011 na fokasi ya kobe. Mwaka 2013 mrithi wake, X100S, akaingia sokoni, na kampuni yoyote yenye hesabu za kawaida ingeiacha ya kwanza ife ili watu wanunue ya pili. Oktoba mwaka huo huo wakatoa toleo la 2.00 kwa ajili ya ile ya kwanza, fokasi ikawa na kasi zaidi, wakaongeza na namna ya kuonyesha kingo za kitu kilicho kwenye fokasi. Wapenzi wa Fujifilm husimulia hadithi hii kama watu wanaosimulia ukarimu wa mjomba. Nami sina neno na mjomba. Neno langu ni kwamba mjomba anatoa akipenda. Mwaka asipopenda, hakuna mahali pa kumshitakia.

Na wapo wajomba wanaotoza. Mwaka 2015 Panasonic iliuza kwa dola 99 namba ya siri ya kufungulia aina ya rangi ya video kwenye GH4, kitu ambacho kamera yenyewe iliweza kukifanya. Mwaka 2017 Canon ikatoza dola 99 kwa kazi inayofanana kwenye 5D Mark IV, na safari hii hukuruhusiwa kujifanyia kwa kadi: kamera ipelekwe kituo cha huduma. Desemba 2019 Nikon ikafanya vivyo hivyo kwa Z6 na Z7 ili ziweze kutoa video ghafi, bei ikikaribia dola 200, na kamera ipelekwe kwa watu wao. Sony nao wameuza leseni ya dola 149 inayokuwezesha kujiwekea kwenye kioo mistari yako mwenyewe ya kupangia picha. Mistari! Kitu ambacho mpiga picha wa pasipoti pale stendi anakichora kwa kalamu ya wino kwenye plastiki.

Najua nitakachojibiwa: wahandisi wanalipwa mishahara, na teknolojia nyingine ni ya kampuni nyingine inayodai leseni yake. Kwa video ghafi nakubali, kuna kazi ya kweli pale na kuna mtu wa tatu wa kulipwa. Kwa mistari sikubali. Lakini kinachoniudhi kuliko bei ni ile sentensi ya kituo cha huduma. Kwa mtu wa Tokyo au London ni usumbufu wa wiki moja. Kwa mtu wa Songea au Goma, “peleka kamera yako kituo cha huduma” ni namna ya kistaarabu ya kusema hapana. Faili ni lile lile, lingeweza kupita kwenye simu yake akiwa amekaa kibarazani. Wameamua tu kwamba mkono utakaoiingiza kadi uwe wa kwao.

Nina sababu yangu ya kulishikilia jambo hili. Tasnifu yangu ni ya masimulizi ya wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Mwaka jana huko Pangani nilikaa na bibi mmoja aliyeolewa na manamba, kamera ya kuazima ikiwa kwenye miguu mitatu mbele yetu. Mzee hasimulii kwa kufuata maswali. Anaanza na mvua, anapita kwa shemeji, anasimama kwenye bei ya kanga, na kitu ulichokifuata anakitaja pale ambapo hata yeye hakutarajia. Alikuwa amefika kwenye usiku ambao nyapara alikuja kugonga mlango, kamera ikalia tiki na kuzima taa yake nyekundu. Akanyamaza. Akaitazama, akanitazama mimi. “Mjukuu wangu, mashine yako imechoka kabla yangu?” Nilibonyeza tena, akaendelea, lakini aliendelea na bei ya kanga. Mlango haukugongwa tena siku ile.

Kamera ile haikuwa na joto, wala kadi haikuwa imejaa. Nilikwenda kutafuta toleo jipya. La mwisho lilikuwa limekwisha kuwekwa, na mtengenezaji alikuwa amekwisha kuhamia modeli nyingine. Kikomo kilikuwa kimo humo milele.

Kuna watu waliokataa neno hilo, milele, na silaha yao ilikuwa memori kadi. Mwaka 2009 Mmarekani Trammell Hudson, aliyekuwa akijishughulisha na utengenezaji wa filamu, alichoshwa na jinsi 5D Mark II ilivyojiamulia yenyewe ukubwa wa sauti inayorekodiwa. Akaandika programu yake, akaiita Magic Lantern. Uzuri wake ni kwamba haiifuti ya Canon. Ukishaiandaa kamera mara moja kukubali kusoma programu iliyo kwenye kadi, kila unapoiwasha inaisoma ile ya kwenye kadi na kuipandisha juu ya ile ya kiwandani. Ukiweka kadi nyingine isiyo nayo, kamera inarudi kuwa ya Canon kama hakuna kilichotokea. Wengine wakajiunga naye kutoka nchi mbalimbali, na mwaka 2013 wakaifanya 5D Mark III irekodi video ghafi, jambo ambalo mtengenezaji hakulitia hata kwenye orodha ya bei.

Kabla yao walikuwapo watu wa CHDK, waliofanya hivyo kwa PowerShot, zile kamera ndogo za Canon za kutia mfukoni. Kamera ya bei ya chini ikaanza kutoa picha ghafi na kujipiga yenyewe kila baada ya sekunde kadhaa. Watu wakafunga PowerShot mbili kwenye fremu ya mbao, moja kwa ukurasa wa kushoto na moja kwa wa kulia, wakaziamuru kupiga kwa pamoja, wakanakili vitabu vizima bila kuvivunja mgongo. Kila ninapopita mbele ya chumba cha nyaraka ambamo majalada ya karatasi nyembamba yanaliwa na unyevu huku watu wakisubiri msaada wa mashine ya kunakilia ya mamilioni, nawakumbuka watu wale na fremu yao ya mbao.

Swali langu kwa watengenezaji ni fupi. Kama watu waliojitolea, bila michoro yenu, bila mishahara yenu, waliweza kuyaona hayo ndani ya kamera, ninyi mlioiunda mlikuwa hamuyaoni? Mliyaona. Mliyaacha yamefungwa ili modeli ya juu iwe na kitu cha kujivunia dukani.

Hapo huja hoja ya usalama, na ni hoja nzito, kwa hiyo nisiipite kwa miguu miepesi. Tukiacha kamera ipokee programu ya kila mtu, wanasema, mwizi naye ataandika ya kwake. Agosti 2019 mtafiti wa kampuni ya Check Point, Eyal Itkin, alionyesha namna ya kuiteka Canon EOS 80D na kuzifunga picha zote zilizo kwenye kadi mpaka mwenyewe alipe. Njia alizopitia ni Wi-Fi na waya wa USB, kwenye ile itifaki ambayo kamera huitumia kuzungumza na kompyuta. Aligundua hata kwamba kupitia itifaki hiyo kamera iliweza kuamriwa kusasishwa bila mwenyewe kuulizwa lolote. Canon ilitoa tahadhari na faili la kuziba matundu hayo.

Isome habari hiyo mara ya pili. Ile njia ya kadi, ambayo lazima mtu aitie kwa mkono wake, aingie kwenye menyu na kuthibitisha, haikuwa na haja ya kuguswa. Tundu lilikuwa kwenye mlango unaofunguliwa kwa mbali. Aliyetaka kuniibia kwa kadi angelazimika kwanza kuja nyumbani kwangu. Na ule usiri unaosemekana kutulinda haukuzuia kitu. Mtafiti mwenyewe alianza kwa kusoma kazi ambayo watu wa Magic Lantern walikuwa wameiweka hadharani. Kabla ya hapo, mwaka 2010 na 2011, kampuni ya Kirusi ya ElcomSoft ilikwisha kuonyesha kwamba mihuri ya siri ambayo Canon na Nikon walidai inathibitisha kuwa picha haijachezewa inaweza kughushiwa, kwa sababu ufunguo ulikuwa umefichwa ndani ya kamera zenyewe, na mwenye subira aliuchomoa.

Pamoja na hayo, mwelekeo ni wa mlango wa mbali. Nikon Z6 III ya mwaka 2024 inaweza kuunganishwa na huduma ya kampuni kwenye mtandao na kupokea programu mpya kupitia Wi-Fi. Kwa sasa kadi bado inakubaliwa. Ninachohofia ni siku itakapoachwa, kama tundu la spika za masikioni lilivyoachwa kwenye simu, na siku hiyo kusasisha kamera kutahitaji akaunti, nchi iliyomo kwenye orodha, na kompyuta ya kampuni ambayo bado inawashwa. Samsung ilitoa NX1 mwaka 2014, ikaisasisha kwa bidii mwaka 2015, kisha ikaacha biashara ya kamera hizo kabisa. Faili za NX1 ni za kutia kwenye kadi, kwa hiyo aliyezitunza anazo. Kama zingekuwa za kuvutwa kutoka kwenye kompyuta ya kampuni iliyokwisha kuondoka, angekuwa anazungumza na ukuta.

Lugha ndiyo inayonikasirisha kuliko vyote, kwa sababu ndiyo isiyo na kisingizio cha uhandisi. Kamera za Sony zilizouzwa kwa soko la ndani la Japani kwa kawaida huja na menyu ya Kijapani pekee. Mwili ni ule ule unaouzwa Ulaya na lugha kibao. Lugha nyingine zimeondolewa ili mtu asinunue kwa bei ya huko na kuuza kwingine. Tumezoea, tunasema. Tumezoea magari ya Japani yanayotuamkia kila asubuhi kwa sauti ya yule mama tusiyemwelewa, tukamjibu “haya” na kuingiza gia. Lakini kamera si redio ya gari. Kijana aliyenunua kamera ya Kijapani kwa sababu ilikuwa nafuu anajifunza menyu kwa kuhesabu, mara tatu chini, mara mbili kulia, kama mtu anayepapasa swichi gizani, na siku akigusa mpangilio asioujua, harusi ya watu imekwenda na maji. Kiswahili chenyewe sijakikuta kwenye menyu ya kamera hata moja niliyowahi kuishika. Orodha ya lugha ni maandishi. Faili la maandishi ya Kiswahili lingekaa kwenye kadi pamoja na picha elfu moja na kadi isijue kama imebeba kitu.

Kwa hiyo nadai. Nadai kadi ibaki kuwa njia ya kusasisha hata zikiongezwa nyingine mia. Nadai matoleo ya zamani yaachwe kwenye kurasa za msaada na kamera ziruhusu kuyarudia, kwa sababu toleo jipya nalo huja na ubovu wake, na leo kamera nyingi hukataa kurudi nyuma hata ukizibembeleza. Nadai mtengenezaji akishatangaza kwamba hatasasisha tena modeli fulani, aondoe kufuli na atoe maelezo yatakayomwezesha mwingine kuendelea. Modeli hiyo haimwingizii senti tena. Anachokilinda ni mazoea. Na vyama vya walaji na mamlaka za ushindani za kwetu, zinazojua kukagua mizani ya muuza nyama, zianze kuuliza bidhaa iliyofungwa kwa programu imeuzwa nzima au nusu.

Wakati tukiyasubiri hayo, na tutayasubiri sana, kuna kazi ya kufanya kabla ya kurasa hizo kufungwa. Mimi na wenzangu wawili tumeanza kupakua na kutunza matoleo yote tunayoyapata ya kamera zinazozunguka mjini hapa, tukiandika pembeni kwa Kiswahili kila moja linarekebisha nini na ubovu gani limekuja nao. Tumefikisha modeli kumi na moja. Mbili kati ya hizo mtengenezaji hazionyeshi tena kwenye ukurasa wake. Anayetaka nakala kwa kamera yake aje na kadi; ya GB 8 inatosha, na picha zake awe amezihamisha.